Uzi: Kuzunguka Ziwa Victoria kwa meli na pantoni, tuko 9, bajeti ya kubana. Wenye uzoefu njooni

Kishoka_wa_Gati (mleta uzi)

Wakuu habari za humu. Tuko watu tisa, wengine tunafanya kazi sehemu moja hapa Dar wengine washikaji wa mtaani na wawili ni mtu na mkewe, mwaka huu tumeamua hatuendi kukaa ufukweni tupigane picha, tunataka kuzunguka Ziwa Victoria lote tukipanda kila chombo cha abiria kinachowezekana, meli, pantoni, kivuko, ili mradi kina leseni na kina ratiba. Pale pasipo na chombo ndio tunapanda Hiace au basi.

Mzunguko tuliochora uko hivi: Mwanza mpaka Bukoba kwa MV Victoria usiku, Bukoba Mutukula Masaka kwa gari, pantoni ya Bukakata mpaka Luku tunaingia visiwa vya Ssese, tunalala Kalangala, MV Kalangala mpaka Entebbe, Kampala, Busia, tunaingia Kenya tunatafuta ile feri ya Luanda Kotieno kwenda Mbita, tunashuka Homa Bay Migori Sirari, Bunda, pantoni ya Kisorya kwenda Rugezi, Nansio, halafu meli ya Nansio Mwanza. Ukiangalia ramani ni kama mshale wa saa.

Bajeti ni 450,000 kila kichwa kuanzia Mwanza mpaka Mwanza, nauli ya Dar kila mtu na lwake, wapo wanaotaka SGR mpaka Dodoma wakamalizie na basi, wapo wa basi moja kwa moja. Tunafikiria Desemba maana ndio wengi wanapata likizo. Je inawezekana? Wapi tutapigwa, wapi tutakwama? Daraja gani tukate kwenye meli? Karibuni, na wa kejeli pia karibuni ila leteni na nauli.

sangara_mkavu

Mmesahau Kigongo Busisi mkuu, pantoni yenye historia yote ile mnairuka kweli?

Mama_Ntilie_Mtandaoni

@sangara_mkavu wewe uko wapi ndugu yangu, daraja limefunguliwa Juni 2025, kilometa tatu na kitu juu ya maji, unavuka na gari dakika chache tu. Pale ng'ambo akina mama waliokuwa wanauza samaki wa kukaanga na mayai kwa waliosubiri pantoni ndio wanajua lilivyowaachia. Mkitaka kuvuka ghuba ile kwa maji bado kuna pantoni ya Kamanga, inaondokea mjini kabisa Mwanza, mnaenda mnarudi asubuhi moja hela ndogo sana. Ifanyeni siku mnayosubiri meli ya usiku, badala ya kukaa Rock City Mall kuangalia viatu.

Omwana_wa_Kemondo

Nimezaliwa nikiisikia honi ya MV Victoria kwa hiyo nisikilizeni vizuri.

Kwanza Desemba futeni. Desemba Wahaya wote wa Dar na Mwanza wanarudi nyumbani, daraja la tatu linajaa mpaka ngazini, vyumba vinaisha mapema na wenye jina wameshapiga simu. Mtasema mnapata senene wa msimu, kweli mtawapata, ila mtawala mmesimama. Njooni Februari au katikati ya mwaka.

Pili, meli haiendi kila siku, inaenda siku kadhaa za wiki na siku nyingine inarudi, na ratiba inabadilika ikiingia matengenezo. Inaondoka Bandari ya Kaskazini Mwanza usiku, alfajiri mnaamka Kemondo, halafu ndio Bukoba. Kwenye kuamka Kemondo hampewi chaguo. Taa zinawashwa, makuli wanapanda kabla abiria hawajashuka, mtu anapita juu yako na gunia la sukari anasema "samahani mzee" na kiatu chake kiko kwenye blanketi lako. Kwenda Bukoba meli inabeba vitu vya dukani, soda, mabati, magodoro. Kurudi Mwanza ndio utaona ndizi, mikungu imepangwa imesimama mpaka unajiuliza watu watapita wapi. Nyie mnaenda tu kwa hiyo hiyo ya ndizi mtaikosa, labda mgeuze mzunguko.

Na ili mjue mnapanda nini, hiyo meli ilitengenezwa Uskoti ikaletwa vipande vipande ikaunganishwa Kisumu, ikaanza kazi 1961. Ilikaa imepaki miaka ndio ikakarabatiwa ikarudi majini 2020 wakaiongezea na jina la Hapa Kazi Tu. Inabeba abiria 1,200. Injini ni mpya ila mwili ni ule ule, ngazi ni nyembamba za kizamani, mwenye begi la magurudumu atajuta.

Hesabu_Kavu

Naona mnaanza kubishana daraja la kwanza au la tatu wakati hela haiko huko. Nimefanya kazi ya kusafirisha vikundi vya wanafunzi na kwaya kanda hii ya ziwa, nawaambia nauli za majini ni ndogo kote mtakapopita, kinachokula hela ni KUSUBIRI.

Chukua kalamu. Mmefika Bukoba au Kalangala mkakuta chombo leo hakipo. Watu tisa ni vyumba vitano, gesti ya kawaida tuseme 25,000 chumba, hiyo ni 125,000. Chakula cha siku 15,000 kila mtu, 135,000. Jumla 260,000 kwa siku moja ya kukaa mnaangalia maji, karibu 29,000 kila kichwa. Mkikosea siku mbili mzunguko mzima mmeshakula kama 58,000 kwenye ile 450,000 yenu na hamjasogea hata mita. Nauli yote ya majini ukijumlisha sidhani kama itakula hivyo ukiacha ile ya Bukoba.

Kwa hiyo msianze na tarehe za likizo halafu mkatafuta meli. Anzeni na siku meli ya Bukoba inaondoka, ipigilieni hapo, halafu hesabuni mbele. Na wekeni siku moja ya akiba, muiweke Bukoba au Nansio ambako chakula na lojingi ni rahisi, msiiweke Kampala wala Entebbe.

Kishoka_wa_Gati

@Hesabu_Kavu hii sasa ndio elimu tuliyokuwa tunaitafuta. @Omwana_wa_Kemondo Desemba nitawaambia wenzangu, kuna mmoja atalia kwa sababu bosi wake anamuachia Desemba tu ila ndio hivyo. Wa upande wa Uganda mko wapi?

Masaka_Road

Nipo. Mtanzania ila nafanya biashara Masaka miaka mingi sasa.

Mutukula ni rahisi, Bukoba mpaka pale Hiace zipo mchana kutwa, mpaka ni wa kituo kimoja, mnagonga kutoka na kuingia kwenye jengo moja. Kinachowarudisha watu ni makaratasi. Msisikie Mkenya na Mganda wanavuka kwa kitambulisho cha taifa mkadhani na NIDA itawavusha, sisi tunatakiwa pasipoti au hati ya dharura ya kusafiria ya Uhamiaji. Kama mtu hana pasipoti na hana mpango wa kusafiri tena akachukue hati ya dharura, asitoe 150,000 kwa safari moja. Halafu kadi ya njano. Chanjo ya homa ya manjano inahesabika siku kumi baada ya kuchomwa kwa hiyo msije kuchomwa wiki ya safari. Ukishachoma ni ya maisha, aliyechoma zamani atafute kadi yake kabatini.

Wabadilisha hela pale mpakani wana kikokotoo chao, wewe toa simu yako upige hesabu mwenyewe mbele yake. Badilisheni kiasi cha kufika Masaka tu, zilizobaki mjini.

Sasa pantoni. Bukakata kwenda Luku ni BURE. Watu na magari. Inaenda na kurudi mchana kutwa, ila kuna mapumziko ya mchana na jioni inafunga, mkifika jua linazama mmelala Bukakata na Bukakata hakuna cha kulalia. Kutoka Masaka ni kama kilometa 40 hivi, tokeni asubuhi. Mkivuka Luku mnatafuta gari la Kalangala mjini, barabara ni nzuri, pembeni michikichi mwanzo mwisho maana kisiwa kile kimegeuzwa shamba la mawese.

MV Kalangala inaondoka Lutoboka saa mbili asubuhi, inafika Nakiwogo Entebbe kabla ya adhuhuri. Kutoka Entebbe inaondoka saa nane mchana. Kwa mzunguko wenu ni poa sana, mnalala Kalangala mnaamka mnapanda. Nauli ilikaa muda mrefu kwenye 10,000 ya Uganda daraja la pili na 14,000 la kwanza, hata kama imepanda haitawaua. Kateni la pili, tofauti ni kiti tu. Ila kabla ya kuvuka Bukakata mtafuteni mtu aulize kama meli ipo, ikienda matengenezo mtarudi Masaka kwa pantoni ile ile na kwenda Entebbe kwa barabara, na hiyo ndio siku ya kusubiri aliyosema @Hesabu_Kavu.

Msikubali mtu awaambie kuna boti ya mbao ya haraka kwenda Kasenyi. Zipo. Msipande.

Bahari_si_Ziwa

Mnahangaika na mipaka mitatu ya nini? Nendeni Kigoma mpande Liemba, meli ya 1913 imetengenezwa Papenburg Ujerumani, Wajerumani wakaizamisha wenyewe 1916 wasiwaachie adui, Waingereza wakaiibua 1924. Duniani hakuna nyingine kama ile. Au kama ni bajeti njooni Mombasa, Likoni unavuka bure kwa miguu kutwa mara kumi.

sangara_mkavu

Likoni dakika kumi unaiita safari 😂 hata Kigamboni tunalipa 200 yetu na hatuanzishi uzi

Hesabu_Kavu

@Bahari_si_Ziwa Liemba kwanza mtu aulize kama imetoka kwenye ukarabati ndio aipangie safari, usiwapeleke watu tisa Kigoma wakaangalie meli imefungwa kamba. Pendekezo zuri ila ni safari nyingine hiyo.

Nyar_Mbita

Niaje wasee wa Bongo. Mimi ni wa Mbita, nimesoma hii thread yote nikafurahi mtu amekumbuka upande wetu, watu wengi wakipanga kuzunguka ziwa wanapita Kisumu na lami wanasema wamezunguka.

Kutoka Busia msiende Kisumu. Chukueni matatu ya kwenda Bondo, mtabadilisha njiani, halafu Bondo mpaka Luanda Kotieno. Feri inabeba watu, magari, mbuzi, magunia ya omena (dagaa), kila kitu, na inavuka mara kadhaa kwa siku kwa hiyo hapo hamna stress ya kulala. Ni kama saa moja hivi kwa maji, na mkiwa katikati mnaona Rusinga upande mmoja na milima ya Gwassi kwa mbali. Kama mngezunguka kwa barabara kupitia Kisumu hiyo ni siku nzima.

Mbita laleni. Gesti ziko za bei ya wavuvi. Asubuhi vukeni daraja muingie Rusinga, kaburi la Tom Mboya liko huko, wamelijengea jumba dogo, ni nduthi (bodaboda) fupi tu kutoka mjini. Na kama mna masaa kuna Waterbus ya kwenda Mfangano, mnaongeza kivuko kingine kwenye orodha yenu. Halafu Mbita, Homa Bay, Rongo, Migori, Isebania, huko ni matatu kwa matatu, ondokeni mapema mkifika Sirari giza mtalipishwa ile ya giza.

Swali langu kwa mleta uzi: kuna wasichana kwa hiyo group ama ni wanaume tu? Naona hamjasema.

Kishoka_wa_Gati

@Nyar_Mbita tuko wanaume watano, wanawake wanne. Mmoja wao yuko humu humu anasoma kimya kimya, ajitokeze.

Dada_Mkuu

Haya nimejitokeza. Mimi ndio mmoja wa hao wanne na nina maneno mawili ambayo kwenye grupu la WhatsApp yalipita kama hayakusemwa.

La kwanza ni kulala melini. Wanaume wanasema wote daraja la tatu tuokoe hela. Sawa nyie kaeni la tatu na hilo gunia la sukari la @Omwana_wa_Kemondo, sisi wanne tunachukua la pili la kulala, vyumba vina mlango unaofungwa kwa ndani, na mabegi yote yanalala kwetu. Tofauti tutaongeza wenyewe tusiombwe risala. Mnaotaka kupiga stori na karata mpaka Kemondo pigeni, asubuhi mtakuta mabegi yenu yapo.

La pili ni usalama na sitaki nionekane mchawi. Mimi nina ndugu aliyezikwa Igoma, makaburi ya MV Bukoba iliyozama 21 Mei 1996. Ile meli ilikuwa ya abiria 430. Na MV Nyerere pale Ukara, 20 Septemba 2018, kivuko cha watu 101 kikabeba mara mbili na zaidi, watu zaidi ya 200 wakafa wakiwa wanaona gati. Zote mbili zilijaa kupita kiasi, hakuna dhoruba iliyozamisha pale. Kwa hiyo nataka tukubaliane kabla hatujatoka Dar: mtu yeyote kati ya tisa akisema chombo hiki kimejaa sipandi, hatupandi wote, na hakuna kumcheka. Siku hiyo tunakula hela ya akiba. Kama hatuwezi kukubaliana hilo basi mimi hela yangu naweka kwenye kitenge.

Hesabu_Kavu

Dada kasema. Na ndio kazi ya ile siku ya akiba, bila hiyo watu wanapanda chombo kibovu kwa sababu hela imeisha na likizo imeisha. Mwenye akiba ndio anaweza kugoma.

Omwana_wa_Kemondo

Naunga mkono. Niongeze tu, mkikata tiketi andikisheni majina yenu kamili na kitambulisho mkononi, msikubali mtu wa getini awapitishe kwa mkato bila jina. Siku ya siku hiyo orodha ndio inajua ulikuwepo. Mkipanda angalieni maboya yako wapi, na mlango wa kutokea, dakika mbili tu halafu endeleeni na karata zenu.

Mkerewe_Halisi

Nimesubiri muda mrefu mfike kwetu.

Kwanza asanteni kwa kutupa nafasi ya mwisho, wageni wengi wanakuja Ukerewe na boti ya asubuhi wanarudi ya mchana wanasema wameiona. Kisorya iko upande wa Bunda, barabara siku hizi ni lami, mnafika mnasubiri pantoni ya TEMESA, wakala wa serikali wa vivuko, mnavuka Rugezi, kutoka hapo Nansio ni gari dogo au bodaboda. Nauli ya mtu kwa miguu ni hela ya mfukoni. Msivuke na wafanyabiashara siku ya mnada kama mnapenda nafasi, ila kama mnapenda kuangalia watu basi hiyo ndio siku.

Ukara sasa. Dada katoa historia na ni ya kweli, sisi huku kila familia ina mtu. Kivuko kilicholetwa baada ya pale, MV Ukara II, kilijengwa Mwanza na kinafanya kazi Bugolora kwenda Bwisya. Mkiwa na siku ya akiba haijatumika, itumieni hapo. Kuna jiwe la kule Ukara linalocheza, wenyeji watawapeleka, kuna taratibu zake na kuna wazee wa kuwasalimia kwanza, msifike mkaanza kulisukuma na kurekodi. Nansio kwenyewe pandeni Handebezyo muone kisiwa kinavyokaa, maji pande zote na mawe. Machungwa yetu mnayajua.

Meli ya Nansio kwenda Mwanza inaondoka asubuhi, masaa mawili matatu kutegemea na chombo gani kiko zamu. Kwenye kukaa, kaeni upande wa kushoto nyuma, mkikaribia Mwanza mnaingia katikati ya mawe yale na jiwe la Bismarck mnalipata bila mtu mbele yenu.

Mama_Ntilie_Mtandaoni

Na chakula? Watu tisa mmepanga maji na vyuma tu, mtakula nini? Kwenye meli vyakula vipo ila bei ni ya watu wasio na pa kwenda. Mwanza kabla ya kupanda nunueni sato wa kukaanga pale soko la Mwaloni au mtu awape oda, ndizi za kuchoma, maji katoni moja, chai kwenye chupa. Bukoba mkifika asubuhi kuna watu wanauza katogo ya maana karibu na stendi, ndizi na maharage au na utumbo, hiyo mkila mpaka Masaka hamjaulizana. Kalangala samaki. Mbita samaki. Nansio samaki. Msiopenda samaki bakini Dar.

sangara_mkavu

Mimi nimeshawishika, nafasi ya mtu wa kumi ipo? Nilianza na utani ila naona mambo ni mazito

Kishoka_wa_Gati

@sangara_mkavu kumi inakaa vizuri kwenye vyumba, tisa kuna mtu analipia chumba peke yake. Ila huku hela inatangulia maneno, na hapo ndio nataka niulize wakuu. Grupu letu ukiuliza nani anaenda wote wanasema "nipo", "niweke", wanatupia na vidole gumba. Ukiuliza hela kimya kama ahadi za harusi. Mmefanyaje kwenye vikundi vyenu?

Hesabu_Kavu

Kwaya moja ilinifundisha hii. Hakuna orodha ya majina, kuna orodha ya miamala. Aliyelipa ndio jina lake linaandikwa. Gawa mara tatu: ya kwanza ndogo isiyorudi, 100,000, ndio inathibitisha mtu. Ya pili 200,000 mwezi kabla. Ya tatu ile 150,000 inabaki kwa mtu mwenyewe mfukoni, anajilipia chakula na vipando vidogo. Usikusanye zote, ukikusanya zote utakuwa unaombwa hela ya soda mpaka Entebbe na siku zikiisha utaambiwa umekula.

Na mweka hazina asiwe mleta uzi. Awe mtu asiyependwa sana.

Dada_Mkuu

Wamenichagua mimi jana. Sijui nifurahi au nini.

Masaka_Road

😂😂 Dada umepata kazi. Kidogo tu: ile hela ya Uganda na Kenya igawe kwa watu wawili, usibebe mwenyewe yote, na usitegemee laini ya Tanzania kutoa hela Kalangala. Noti mkononi. Ukivuka Busia iliyobaki ya Uganda ibadilishe yote upande wa Uganda, ndani Kenya hakuna anayeitaka.

Nyar_Mbita

Na Kenya mkiwa na namba ya mtu wa M-Pesa huku mnarahisishiwa, hata mama wa chapati ana till (namba ya kupokelea malipo). Mimi siweki namba hapa ila mleta uzi akinitumia ujumbe ndani tutapanga, nitawaonyesha gesti nisiyoionea aibu.

Kishoka_wa_Gati

Wakuu nimekaa na wenzangu jana usiku, naleta mrejesho.

Desemba imefutwa. Yule wa bosi amegoma kidogo halafu akasema atajiumisha Februari, kwa hiyo tunalenga wiki ya mwisho ya Februari, na tarehe haitangazwi mpaka tupige simu bandarini Mwanza tuambiwe meli ya Bukoba inatoka siku gani wiki ile. Hiyo ndio siku namba moja. Asubuhi yake Kamanga kwenda na kurudi. Na kuna ile mpya, MV Mwanza, ya mita 92.6 iliyoshushwa majini 2023, yoyote itakayokuwa kwenye ratiba tunapanda, hatuchagui.

Bukoba hatulali, tukishuka tunakula katogo tunaenda Mutukula, tunalala Masaka. Kesho yake Bukakata asubuhi, Kalangala tunalala. Saa mbili MV Kalangala, Kampala tunalala mara moja tu tena pembeni ya stendi tuondoke alfajiri. Busia, Bondo, Luanda Kotieno, Mbita. Hapo tunajipa asubuhi moja ya Rusinga. Halafu siku ndefu ya matatu mpaka Bunda, hiyo naiogopa kuliko maji yote. Kisorya, Rugezi, Nansio. Siku ya akiba ikibaki tunaenda Ukara, ikiwa imeliwa njiani tunapanda meli ya asubuhi Mwanza.

Sharti la Dada limepita wote kumi, akigoma mmoja tumegoma wote. Wanawake la pili la kulala, wanaume la tatu na tunalindiwa mabegi. Mtu na mkewe wameambiwa watatengana usiku mmoja, mume ndio amelalamika.

100,000 ya kwanza mwisho ijumaa ya mwisho wa mwezi. Pasipoti au hati ya dharura na picha ya kadi ya njano zinatumwa kwa Dada kabla ya awamu ya pili, asiye nazo awamu ya pili haipokelewi.

Omwana_wa_Kemondo

Mkipita Kemondo alfajiri nitakuwa gatini. Mtanijua, nitakuwa na senene wa kukausha kama nitabahatika kuwapata.

sangara_mkavu

@Dada_Mkuu nimetuma laki, angalia muamala unaoishia 47. Niandike namba kumi. Na mimi nipo kwenye chumba na nani, maana nakoroma

Dada_Mkuu

Imeingia. Namba 10. Kukoroma utalala kwenye daraja la tatu huko huko na makuli. Namba 4, 6 na 7 mnasoma huu uzi nawaona, zenu bado.